Joto Kali Katika Nyumba za Baridi

Mwishoni mwa Juni 2021 mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, ulipitia siku tatu ambazo hata wazee wake hawakuwahi kuziona. Jumamosi tarehe 26 rekodi ya joto ya mji huo ilivunjwa. Jumapili ikavunjwa tena. Jumatatu kipimajoto kikasoma nyuzi 46.7 za Selsiasi, yaani nyuzi 116 kwa kipimo cha Farenhaiti wanachotumia Wamarekani. Kabla ya hapo, kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuandikwa pale kilikuwa 41.7. Waya wa umeme wa treni ya mjini uliyeyuka, na usafiri wa reli ukasimamishwa. Seattle, mji uliozoea mvua na ukungu, ulifika nyuzi 42.2. Ng'ambo ya mpaka, kijiji cha Lytton nchini Kanada kilifika 49.6 tarehe 29, na kesho yake moto ukateketeza sehemu kubwa ya kijiji hicho. Mombasa na Dar es Salaam, pamoja na jasho lote linalotutoka mwezi wa Februari, hazikaribii hapo.

Katika kaunti ya Multnomah, ambamo Portland imo, walikufa watu takriban 70. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, walikufa 619. Ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jimbo hilo ilichambua habari za marehemu mmoja mmoja, na matokeo yake yanafaa kusomwa taratibu. Asilimia 98 joto liliwadhuru wakiwa ndani ya nyumba. Theluthi mbili walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi. Zaidi ya nusu waliishi peke yao. Karibu wote hawakuwa na kiyoyozi. Hawakufa juani wakilima wala wakikimbia. Wengi walifia vyumbani mwao, na hakuna aliyebisha hodi mpaka muda ulipokuwa umepita.

Naandika haya kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili wanaoishi Portland, Gresham, Beaverton, Kent, Tukwila, Spokane na miji mingine ya ukanda ule. Wengi wametoka Kongo na Burundi, wengine wamepitia kambi za Tanzania, wengine ni wa Kenya na pwani yake. Yatawafaa pia walioko Uingereza, ambako kijiji cha Coningsby kilifika nyuzi 40.3 tarehe 19 Julai 2022, na walioko kokote ambako nyumba zilijengwa kwa kuogopa baridi. Nia yangu kubwa ni kuiondoa kauli moja ninayoisikia kila kiangazi kinapokaribia: "Sisi tumetoka Afrika, joto tunalijua." Kauli hiyo inaweza kumuua mzee wako.

Mwili hauna kumbukumbu ndefu ya joto. Mtu akiingia penye joto, mwili wake huchukua wiki moja hadi mbili kujifunza: jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, chumvi inayopotea na jasho hupungua, damu huongezeka maji, moyo huacha kupiga mbio kwa kazi ndogo. Akihamia penye baridi, mazoea hayo huanza kupotea ndani ya siku chache, na baada ya mwezi hivi huwa yamekwisha. Mama aliyefika Gresham miaka mitano iliyopita akitokea Kigoma ana mwili wa mtu wa Gresham. Isitoshe, wengi wanaodhaniwa ni watu wa joto hawakutoka kwenye joto. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Aliyekulia kule alilala na blanketi maisha yake yote.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walijua adui yao ni nani. Kuta zao ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ziko juu, uwanja uko ndani ya nyumba ili hewa ya moto ipande na kutoka, na baraza hukaa kivulini. Fleti ya Portland ilijengwa kwa vita vingine. Kuta zimejazwa sufi ya kuzuia baridi, sakafu ina zulia, paa ni jeusi, madirisha ni makubwa ili jua la majira ya baridi liingie, tena mengi hufunguka upande mmoja tu. Nyumba ya namna hiyo ni kama chupa ya chai: kilichoingia cha moto hubaki cha moto. Siku ya kwanza ya joto kali ndani huvumilika. Siku ya pili kuta zimeshashika joto. Siku ya tatu, hata nje kukipoa usiku, chumbani bado kunachemka, na ghorofa ya juu kabisa ndiyo mbaya kuliko zote. Anayeishi kwenye nyumba ya trela yuko hatarini zaidi, kwa sababu kuta zake nyembamba hupata moto upesi.

Saa nazo zinatudanganya. Kwetu, karibu na ikweta, jua kali ni la saa 6 mchana na jioni kunapoa. Portland mwezi wa Juni jua huzama karibu saa 3 usiku, na joto hufika kileleni kwenye saa 11 jioni. Dirisha linaloangalia magharibi hupigwa na jua mpaka watoto wanapaswa kulala. Kwa hiyo usiseme saa 9 alasiri kwamba shari imepita. Bado haijafika.

Maandalizi yafanyike mapema, Mei au mwanzoni mwa Juni. Siku zile za 2021 feni na viyoyozi viliisha madukani kabla joto halijafika kilele, na aliyengoja aone kwanza alikosa. Chagua chumba kimoja nyumbani kiwe cha kupoa: cha chini kama una ghorofa, kisichoangalia magharibi, chenye dirisha dogo. Humo ndimo familia nzima italala usiku wa joto kali. Kwetu kulala watu sita kwenye mikeka na magodoro chumba kimoja si jambo geni, na hapa desturi hiyo inakufaa, kwa sababu kiyoyozi kidogo hakiwezi kupoza fleti nzima lakini kinaweza kupoza chumba kimoja kilichofungwa mlango.

Ukipata kiyoyozi cha kuhamishika, chenye bomba la kutoa hewa ya moto, hakikisha bomba linatoka nje ya dirisha na nafasi iliyobaki imezibwa kwa kadibodi na utepe. Bila hivyo hewa ya moto inarudi ndani na unalipia umeme bure. Kichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kamwe si kwenye waya mwembamba wa kurefushia, kwa kuwa waya huo unaweza kushika moto.

Wapangaji wengi wanaogopa mwenye nyumba. Oregon ilipitisha sheria mwaka 2022 inayombana mwenye nyumba asimkataze mpangaji kuweka kiyoyozi chake mwenyewe, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama usalama wa jengo. Ukiambiwa hapana, omba sababu kwa maandishi, kisha tafuta msaada wa kisheria au mtu wa shirika linalohudumia wakimbizi akusomee. Na kama una bima ya afya ya jimbo, Oregon Health Plan, muulize daktari wako kuhusu kiyoyozi: tangu 2024 bima hiyo inaweza kumlipia mgonjwa anayestahili kifaa cha kupoza hewa. Mfuko wa Portland Clean Energy Fund nao umekuwa ukigharimia viyoyozi kwa nyumba zenye kipato kidogo na watu walio hatarini. Hofu ya bili ya umeme ina jibu pia. Upo mpango wa serikali ya Marekani, LIHEAP, unaosaidia kulipa nishati ya nyumbani. Piga simu namba 211 uulize, na ukisema "Swahili" watakutafutia mkalimani. Ninayasisitiza haya kwa sababu nimeona watu wetu wakiona haya kuomba kitu kilichowekwa kwa ajili yao. Mzee mwenye presha anayelala kwenye chumba cha nyuzi 35 anastahili msaada huo kama anavyostahili dawa zake.

Nunua pia kipimajoto cha ukutani. Bei yake ni ndogo, na kitakuambia kile ambacho mwili wa mzee haumwambii. Wataalamu wa afya wa British Columbia wanasema chumba chenye nyuzi 26 au pungufu ni salama. Kikipita 31 kwa muda mrefu kinakuwa hatari kwa wazee, wagonjwa na watoto wachanga. Kipimajoto kikisoma 31 saa 8 mchana na jua bado lina saa saba za kuwaka, usijadiliane nacho. Anza kupanga kuondoka.

Joto likishaingia, kazi ya nyumba ni mbili: kulizuia mchana na kulifukuza usiku. Alfajiri, nje kukiwa bado baridi kuliko ndani, fungua madirisha yote, na kama una feni iweke dirishani ikisukuma hewa ya ndani itoke. Mara tu nje kunapoanza kupata joto kuliko ndani, funga madirisha na mapazia. Waswahili tuna mkono mwepesi wa kufungua dirisha tukisikia joto, na kwetu ni sawa, kwa sababu upepo wa bahari unapita. Hapa, ukifungua dirisha hewa ya nje ikiwa nyuzi 42, umeikaribisha sebuleni. Pazia la nje linashinda la ndani: ukining'iniza shuka jeupe au kadibodi kwa nje ya kioo cha magharibi, jua linazuiwa kabla halijagusa kioo. Tahadhari moja kuhusu madirisha yaliyofunguliwa: ule wavu wa mbu hauzuii mtoto kuanguka. Kila kiangazi watoto huanguka kutoka ghorofani wakiuegemea. Dirisha la ghorofani lisifunguke zaidi ya sentimita 10 mahali ambapo mtoto mdogo anafika, na usiweke kitanda wala kochi chini yake.

Usiwashe jiko la oveni. Maharage yapikwe usiku wa manane au yangoje. Siku tatu za mkate, matunda, mtindi, kachumbari na samaki wa kopo hazimdhuru mtu.

Kuhusu feni, watu wengi wanakosea. Feni haipozi hewa. Inapuliza tu hewa iliyopo. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, kuanzia nyuzi 35 hivi, feni inayompulizia mtu mkavu humpelekea joto zaidi, na mzee hutoa jasho kidogo, kwa hiyo hunufaika kidogo mno. Katika British Columbia baadhi ya marehemu walikutwa feni zikiwa zinazunguka. Ukiwa huna kingine, mloweshe mtu kwanza: kanga au kitenge chepesi kilichochovywa maji ya baridi na kukamuliwa, kivaliwe mabegani na kifuani, ndipo feni iwashwe. Maji yakikauka, lowesha tena. Miguu itiwe kwenye beseni la maji ya baridi, mikono mpaka kwenye kiwiko izamishwe kwenye ndoo, kwa sababu sehemu hizo zina damu nyingi karibu na ngozi. Kuoga maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku kunasaidia pia. Haya yote ni ya kununua muda. Hayawezi kuchukua nafasi ya chumba kilichopozwa.

Ndiyo maana kutoka nyumbani kwenda mahali penye ubaridi ni dawa iliyo bora kuliko mbinu zote za kanga na ndoo. Saa mbili au tatu mahali penye kiyoyozi huupa moyo nafasi ya kupumzika. Maktaba za umma hazimwulizi mtu karatasi wala pesa; unaingia, unakaa. Maduka makubwa ni hivyo hivyo. Joto likitangazwa kuwa la hatari, kaunti hufungua vituo vya kupoozea joto. Mwaka 2021 ukumbi mkubwa wa mikutano wa Oregon pale Portland ulifunguliwa usiku na mchana, watu wakalala humo. Namba 211 itakuambia kilicho karibu na kama kuna usafiri. Makanisa na misikiti yetu yenye viyoyozi ingefaa kufunguliwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 4 usiku siku hizo. Wachungaji na maimamu, hili liko mikononi mwenu, na halihitaji kikao kirefu.

Tangazo lenyewe hutoka kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani. Ramani yake ya hatari ya joto ina rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu, na juu kabisa ni wekundu wa zambarau. Wasiosoma Kiingereza wanaweza kuisoma rangi. Ikifika nyekundu, wazee na wagonjwa wasibaki kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi. Ikifika rangi ya juu kabisa, asibaki yeyote.

Maji yanywewe kabla ya kiu, na mzee asiachwe kungoja kiu kwa sababu kiu yake imeshadhoofika. Weka jagi mbele yake na glasi ndogo, umhimize kila baada ya muda mfupi. Anayetoka jasho jingi kwa kazi anahitaji na chumvi: supu, maji ya ndimu yenye chumvi kidogo na sukari, au ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini tunayoijua kwa mtoto anayeharisha. Pombe haifai siku hizo. Lakini mgonjwa wa moyo au wa figo aliyewekewa kipimo cha maji na daktari asiongeze maji kwa kusikia ushauri wa gazeti. Apige simu kliniki kabla joto halijafika aulize afanyeje.

Dawa nazo zizungumzwe. Za kutoa maji mwilini anazopewa mwenye presha, baadhi ya dawa za moyo, nyingi za maradhi ya akili, na hata zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, zote zinaweza kuuzuia mwili kujipoza au kumfanya mtu asihisi hatari. Asiache dawa kwa kujiamulia. Amuulize mfamasia wake swali moja: "Dawa hizi zinanifanyaje wakati wa joto kali?" Insulini isiachwe garini wala dirishani kwa kuwa joto huiharibu nguvu, na mgonjwa anaweza kujidunga kitu kisichofanya kazi bila kujua. Uchambuzi wa British Columbia ulionyesha pia kwamba wenye maradhi makubwa ya akili, hasa skizofrenia, walikuwa wengi kupita kiasi miongoni mwa waliokufa. Tunao ndugu wa namna hiyo katika familia zetu, na mara nyingi tunawaacha chumbani mwao tukisema anataka kuwa peke yake. Siku za joto asiachwe peke yake.

Kwa mtoto mchanga, desturi yetu ya kofia ya sufi, soksi na blanketi zito inafaa Bukavu na inafaa Januari ya Seattle. Nyuzi zikipita 30, mtoto avishwe nepi na fulana nyepesi tu. Bibi atalalamika, mwelezeni kwa heshima, lakini msikubali. Aliye chini ya miezi sita hapewi maji, ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama anayemnyonyesha ndiye anayekunywa maji. Usifunike kigari chake kwa kanga ukidhani ni kivuli, kwa sababu hewa ndani yake hupata moto haraka. Mama mjamzito naye ahesabiwe pamoja na wazee: joto kali huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Na garini usimwache mtoto hata dakika moja. Ndani ya dakika 10 joto la gari lililofungwa hupanda nyuzi 11 za Selsiasi, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii.

Mto unaita siku hizo. Maji ya mito ya Sandy na Clackamas hutoka kwenye theluji ya milimani, na mwezi wa Juni ni baridi ya kukata pumzi. Mtu aliyepata joto akijitosa ghafla hushtuka, huvuta pumzi bila kutaka, na maji huingia mapafuni. Vijana wetu wengi walijifunza kuogelea Ziwa Tanganyika au baharini kwenye maji ya vuguvugu, na wengine hawakujifunza kabisa. Waingie taratibu, wavae maboya, wabaki penye maji mafupi.

Wanaofanya kazi mashambani, kwenye maghala, kwenye ujenzi na jikoni mwa mikahawa wana sheria upande wao. Tarehe 26 Juni 2021 mfanyakazi wa kitalu cha miti karibu na mji wa St. Paul, Oregon, alikufa kazini. Alikuwa mhamiaji aliyefika nchini miezi michache tu kabla. Baada ya vifo vya mwaka ule jimbo lilitunga kanuni, zinazotumika tangu Juni 2022, kwa kazi za nje na za ndani. Nyuzi 80 za Farenhaiti zikifika, mwajiri lazima atoe kivuli au mahali pa kupoa na maji ya baridi yanayotosha karibu lita moja kwa saa kwa kila mtu. Zikifika 90, lazima pawe na ratiba ya mapumziko. Hairuhusiwi kukufukuza kwa kudai hayo. Mgeni kazini ajihadhari zaidi, kwa maana vifo vingi vya joto kazini hutokea siku za mwanzo, kabla mwili haujazoea. Kama umeanza kazi juzi na moyo unadunda, kichwa kinauma na miguu inakaza, kaa kivulini. Usione haya mbele ya wenzako.

Sasa dalili, na hizi zikaririwe na kila mtu nyumbani, hata mtoto wa miaka kumi. Uchovu wa joto huja na jasho jingi, ngozi baridi yenye unyevu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Mpeleke penye ubaridi, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo, mloweshe. Akitapika, akizidi, au baada ya saa moja akiwa vilevile, tafuta daktari. Kiharusi cha joto ni jambo jingine. Joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kudhurika. Dalili kuu ni akili kuvurugika: anaongea yasiyoeleweka, hajui siku wala mahali, anapepesuka, anakuwa mkali bila sababu, anapata degedege au anazimia. Ngozi inaweza kuwa ya moto na kavu, lakini inaweza pia kuwa na jasho, kwa hiyo usitulie kwa kuona jasho. Piga 911 hapo hapo. Sema neno "Swahili" na usubiri mkalimani, usikate simu. Usihofie malipo wala karatasi: sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inailazimu idara ya dharura ya hospitali kumhudumia aliye hatarini kwanza, awe na pesa au hana.

Na usikae ukingoja gari la wagonjwa. Siku zile za 2021 magari hayo yalizidiwa, na Kanada wapo waliosubiri kwa saa nyingi. Anza kumpoza sekunde ile ile. Kama mnaweza, mwingizeni kwenye beseni kubwa au bafu la maji ya baridi, kichwa kikiwa juu na mtu amemshika. Kama hamwezi, mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, wekeni barafu iliyofungwa kitambaani shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyevurugika akili asinyweshwe kitu, atapaliwa. Dawa za homa kama paracetamol hazisaidii hapa, kwa kuwa hii si homa. Kila dakika ya kumpoza inaokoa sehemu ya ubongo, figo na moyo.

Nimeacha mwisho jambo ambalo naamini lina uzito kuliko yote. Mtu anayepatwa na joto hapotezi nguvu kwanza, hupoteza uamuzi. Ukimpigia simu atasema, "Niko salama, mwanangu, usijisumbue." Wazee wetu hasa watasema hivyo, kwa sababu walilelewa wasiwe mzigo. Kwa hiyo simu haitoshi. Lazima mtu afike, aingie ndani, amguse, atazame kipimajoto, aone kama maji kwenye jagi yamepungua, amwulize leo ni siku gani. Afike angalau mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kati ya saa 11 jioni na saa 4 usiku, wakati nyumba imeshika joto kuliko saa zote. Akikuta chumba kimepita 31, asimwachie ushauri. Amchukue, amlaze kwake au ampeleke kituoni.

Jamii zetu zina vyama vya mazishi vyenye orodha za majina, wachangishaji, madereva na makundi ya simu yanayoweza kukusanya watu mia kwa saa moja msiba unapotokea. Orodha hiyo hiyo ikaguliwe mwezi wa Mei. Wawekewe alama wazee wanaoishi peke yao, wajane, wagonjwa, akina mama wenye watoto wachanga na ndugu wenye maradhi ya akili, kisha kila mmoja apewe mtu wake kwa jina, mwenye gari na anayejua ufunguo wa akiba uko wapi. Viongozi wa vyama, fanyeni hivyo katika kikao chenu kijacho. Nawe unayesoma, kama kuna mzee kwenye jengo lako, awe wetu au wa taifa lingine, kabishe hodi mlangoni kwake wiki hii mfahamiane, ili siku ya joto akufungulie.